Pima kwa Risasi Yako Mbaya

Mtu akikuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyobanana hata sarafu ya shilingi kumi ikayafunika yote, mpongeze, kisha umwombe akuonyeshe na zile karatasi alizozitupa. Hapo ndipo utakapomjua. Karatasi nzuri hutunzwa, hupigwa picha, hutembezwa kwa marafiki. Nyingine huishia motoni. Lakini mnyama aliyekaa mbele ya mtutu hana habari na siku ambayo mlengaji alipiga vizuri. Yeye atapata risasi ya leo, iwe njema au mbovu.

Nimelichukua wazo hili kwenye bunduki ndogo ya kuwindia sungura, ile inayoitwa pointi tuu-tuu (.22), na sijawahi kuliacha tena. Kadiri ninavyolitazama ndivyo linavyozidi kutoka kwenye mambo ya silaha na kuingia kwenye mambo ya watu: namna tunavyoahidi, tunavyojipima, tunavyowahukumu wenzetu. Lakini nitaanza kwetu, kwa sababu kabla sijaishika bunduki yoyote nilikuwa nimeshaambiwa jambo hili na mtu wa upinde.

Mimi ni mzaliwa wa Mackinnon Road. Ni Kwale, ila si Kwale ya Diani na Msambweni yenye minazi na hoteli. Ukitoka Mombasa ukapita Mariakani, Samburu na Taru, unaingia nyika ya miiba, mibuyu na vumbi jekundu, halafu unaona msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli, mahali ambapo wasafiri wengi husimama kuswali na kuomba dua kabla ya kuendelea Voi. Mbele kidogo ni lango la Buchuma la kuingilia Tsavo Mashariki. Kaskazini ni mlima Kilibasi. Watu ni Waduruma, Wakamba, Wataita, wafugaji wa makabila mbalimbali, na Waata, ambao wazee wetu walizoea kuwaita Waliangulu au Wasanye.

Bunduki kwetu haikuja kama chombo cha kutafutia kitoweo. Ilikuja na serikali. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujenga hapa bohari kubwa la zana za kijeshi, wakitafuta mahali pengine pa kuweka vifaa vyao wakati nafasi yao huko Mashariki ya Kati ilipokuwa ikiyumba. Mradi ukaachwa njiani. Halafu ikaja Operesheni Anvil ya Aprili 1954 jijini Nairobi, na watu waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau wakaletwa kwa maelfu kwenye kambi za Lang'ata, Manyani na hapa Mackinnon Road. Kwa hiyo mzee wa kwetu akitaja bunduki, alikuwa anataja askari. Akitaka kukueleza uwindaji, alikuambia habari za upinde.

Na kwenye upinde hakuna aliyewashinda Waata. Upinde wao wa tembo ulihitaji nguvu ya kuvuta inayozidi kilo 45, na wapo wazungu wenye miili mikubwa waliojaribu kuuvuta hadi mwisho wakashindwa. Mshale ulipakwa sumu ya mti wa msunguti iliyochemshwa hadi ikawa nzito kama lami, ukafungwa kwa kipande chembamba cha ngozi ili sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Tsavo ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948, watu hawa walijikuta wahalifu kwenye ardhi waliyoizunguka maisha yao yote. Kati ya mwaka 1956 na 1957, maafisa wa hifadhi hiyo, David Sheldrick na Bill Woodley, waliongoza msako uliowapeleka wengi wao gerezani. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana wa kuwaruhusu Waata wawinde tembo kihalali kwa kiwango kilichopangwa, lakini haukudumu katika sura ile iliyokusudiwa. Haya ni majeraha ambayo hayajazungumzwa vya kutosha, na ninaamini Kenya bado ina deni kwa watu hawa.

Nilipokuwa kijana nilimfahamu mzee mmoja wa Kiwaata aliyekuwa akija kutoka upande wa Kilibasi kuuza mbuzi. Alikuwa akipumzika kwenye kivuli karibu na duka la jamaa yetu, nasi vijana tukamzunguka. Siku moja nikamuuliza, "Babu, mshale wako ulikuwa unafika wapi?"

Akanitazama. "Unaniuliza mshale unafika wapi, au mimi nilikuwa naua wapi?"

Nikamwambia sioni tofauti.

"Mshale unafika kule," akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya reli, mbali sana. "Lakini huko mimi siujui. Unajua wenyewe. Mimi naujua hapa mpaka pale," akaonyesha mbuzi wake aliyefungwa kwenye mti, hatua chache tu kutoka tulipokaa. "Kutoka hapa mpaka pale, hata nikiwa na homa, hata nikiwa na njaa, mshale unakwenda ninapotaka. Zaidi ya pale natembea."

Tukacheka, maana tulitaka kusikia habari za mishale mirefu. Yeye hakucheka. Akaendelea kueleza jinsi ya kumnyatia mnyama: upepo ukupige usoni, mguu utangulize ukingo wa nje kabla ya kuuweka wote, kichwa cha mnyama kikiinuka wewe uwe jiwe. Alieleza kwa muda mrefu sana kuhusu kutembea, na kwa muda mfupi sana kuhusu kupiga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sikupata kumwona mtu aliyeinama kwa ustadi namna ile.

Miaka ikapita. Maisha yakanipeleka Pennsylvania, Marekani, ambako uwindaji wa wanyama wadogo ni jambo la kawaida la msimu wa vuli. Huko mtu hawezi kuingia porini hivi hivi. Anayeanza analazimika kusoma kozi ya usalama, analipia kibali, anavaa kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa ili wenzake wamwone, na kuna idadi anayoruhusiwa kwa siku. Wengi huwinda kindi. Mimi nilichagua sungura. Aliyenifundisha alikuwa jirani, mzee mstaafu wa kiwanda cha chuma, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza sikufyatua kitu. Alinipa penseli.

Alitaka nielewe kwanza ile risasi ni nini. Risasi ya .22 Long Rifle ilitolewa Marekani mwaka 1887 na kampuni ya Stevens, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Kichwa chake cha madini ya risasi kina uzito wa gramu 2.6 tu. Kiwashio hakimo katikati ya kitako kama kwenye risasi kubwa; kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki inaufinya ukingo huo ili moto uwake. Ndiyo maana ganda likishatumika halijazwi tena. Mpigaji wa bunduki kubwa anaweza kupima baruti yake mwenyewe nyumbani kwa mizani. Wa pointi tuu-tuu anakula alichopikiwa kiwandani, na vyakula vya kiwandani havilingani. Ndani ya boksi moja la bei rahisi, risasi moja inaweza kutoka mtutuni ikiwa na kasi ya mita 320 kwa sekunde na inayofuata ikazidi kwa mita 15. Halafu kila mtutu una tabia yake. Risasi zilizopendwa na bunduki ya jirani yako zinaweza kukataliwa na yako, hata kama ni za aina moja na zilitoka duka moja.

Sasa fuata hesabu, kwa sababu ndani yake mna kitu nilichokuwa sikijui. Risasi yenye kasi hiyo inafika mita 50 kwa takriban sehemu ya sita ya sekunde, na katika muda huo mvuto wa dunia umeishusha kama sentimita 12. Ile tofauti ya kasi ya mita 15 italeta kosa la kama sentimita moja juu au chini. Si neno. Lakini ukiongeza umbali mara mbili, ukafika mita 100, muda nao unakuwa mara mbili na kushuka kunakuwa karibu nusu mita, yaani mara nne. Ile tofauti ndogo ya kasi sasa inaleta kosa la karibu sentimita tano. Kichwa cha sungura hakina sentimita tano za kuchezea.

Upepo nao ni vivyo hivyo. Upepo wa kutikisa matawi membamba, wa kama kilomita 16 kwa saa, ukivuma kutoka ubavuni, unaisukuma risasi hii karibu sentimita mbili na nusu ikifika mita 50. Ikifika mita 100 umeisukuma sentimita kumi au zaidi. Tuliozoea kufikiri kwamba makosa huongezeka hatua kwa hatua tunadanganywa na macho. Mwanga wa tochi hupanuka kadiri unavyokwenda mbali, lakini kwa kipimo kilekile. Kosa la risasi ndogo hupanuka kwa haraka kuliko mwanga wa tochi.

Kuna jambo jingine katika upepo lililonishangaza kuliko yote. Mtu akiambiwa upepo unaisumbua risasi yake, fikra ya kwanza ni kununua iliyo kali zaidi, yenye kasi kubwa. Kwa pointi tuu-tuu, ile yenye kasi kubwa husukumwa na upepo zaidi ya ile ya polepole. Sababu ni sauti. Sauti husafiri kwa kama mita 340 kwa sekunde, na risasi inayotoka na kasi ya juu ya hapo hupambana na hewa vikali mno inapokuwa karibu na mpaka huo, ikapoteza mwendo upesi, na kule kupoteza mwendo ndiko kunakoupa upepo nafasi. Kwa hiyo walengaji wa Olimpiki wanaoshindana kwa mita 50, ambapo kitovu cha alama kumi kina upana wa milimita 10.4 tu, hutumia risasi zilizotengenezwa makusudi ziwe chini ya kasi ya sauti. Zina kasi ndogo na zinalingana. Kulingana kunawafaa kuliko nguvu.

Baada ya penseli ndipo tukaenda uwanja wa shabaha. Nikalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, nikapiga tatu kwa mita 50, zikabanana. Nikafurahi. Mzee akasema bila kuondoa macho kwenye darubini yake, "Piga saba nyingine, palepale." Kundi likapanuka. Akaniambia hilo si kosa langu wala la bunduki: risasi tatu hupendeza kwa sababu ni tatu. Ukitumia bunduki ileile, risasi zilezile, mkono uleule, kundi la risasi kumi kwa wastani huwa na upana unaozidi lile la tatu kwa zaidi ya mara moja na nusu. Hakuna uchawi. Ukimpa bahati nafasi tatu tu, bado hajaonyesha meno yake yote.

Halafu akanikataza neno moja ambalo nilikuwa nimeshaanza kulitumia. Kila tundu lililokaa kando nilisema, "Hiyo ilinitoroka." Akasema hakuna risasi inayomtoroka mtu. Ile iliyokaa kando imetoka mtutu uleule, imefyatuliwa na kidole kilekile, na porini ndiyo itakayomvunja sungura mguu badala ya kumuua. Ukiiondoa kwenye hesabu, umeondoa ile pekee iliyokuwa na habari ya kukupa.

Kisha akaniondolea mfuko wa mchanga. Akachora duara dogo la upana wa kama sentimita tano, akanipeleka mita 20 na kuniambia nipige nikiwa nimekaa chini, viwiko kwenye magoti. Zikiingia zote, nirudi nyuma hatua kadhaa. Zikiingia zote tena, nirudi tena. Mahali ambapo moja inatoka nje, hapo nimeshapita mpaka wangu, na nisogee mbele. Tukarudia nikiwa nimepiga goti. Tukarudia nimesimama, na hapo ndipo nilipojua kwamba kusimama ni mtihani mwingine kabisa. Bunduki ambayo juu ya mchanga inabana risasi kwenye sarafu, mikononi mwa mtu aliyesimama wima inazitawanya kama mtu anayetia chumvi. Tukarudia nimekimbia kwanza, moyo unapiga. Kila hali ikawa na umbali wake, na umbali wa kweli porini ni ule wa hali utakayokuwa nayo, si ule wa hali unayoitamani.

Kwa mwindaji wa kawaida mwenye bunduki ya kawaida, matarajio ya haki ni haya: mita 50 akiwa ameegemea kitu imara na hakuna upepo, na pungufu ya hapo kwa kila kinachokosekana. Wapo wanaozidi. Wanaozidi kwa kweli utawajua kwa sababu wanaweza kukuambia ni lini hawapigi. Na jambo jingine nalisema kwa uzito: risasi hii ndogo, ikipigwa juu, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka. Anayefyatua kuelekea angani kwa sababu windo ni dogo, hajui amemlenga nani.

Nilipokuwa napiga ile duru ya mwisho ya kurudi nyuma, nikamkumbuka mzee wa Kilibasi na mbuzi wake chini ya mti. Watu wawili ambao wasingeweza kuonana, mmoja wa upinde na mwingine wa kiwanda cha chuma, wamenipa kipimo kimoja: usijipime kwa mahali ambapo uliwahi kufika, jipime kwa mahali ambapo hukosi.

Sisi tuliolelewa karibu na madrasa tulipaswa kulijua hili mapema. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu mawindo, yaliyopokewa kwa Adi bin Hatim, kuna uangalifu unaogusa moyo: windo lililochomwa na ncha ya mshale ni sawa na windo lililopigwa na ubavu wake si sawa, lililoangukia majini likafa humo liachwe, kwa kuwa hujui limeuawa na mshale au na maji. Wanazuoni wamejadili risasi ya bunduki, na wengi wa zama zetu wameichukulia kama mshale kwa kuwa inatoboa, alimradi jina la Mwenyezi Mungu limetajwa wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa hai achinjwe. Kuna pia agizo la kufanya wema hata katika kuua: kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Nilikuwa nikiyasoma haya kama orodha ya halali na haramu. Bunduki ndogo ilinifanya niyasome upya. Shaka inapoingia, chakula kinaachwa. Anayefyatua kwa umbali asioujua anaingiza shaka kwa mkono wake mwenyewe, halafu anamtarajia mnyama ailipe kwa maumivu.

Nikaanza kuona umbali huu kila mahali. Sisi tulioishi ughaibuni tuna desturi ya kuahidi kwa mwezi mzuri. Mtu amepata saa za ziada, mshahara umenenepa, anapiga simu nyumbani: karo ya mdogo wangu nitailipa yote, bati za mama nitaezeka mimi. Ule ni mwezi wa risasi tatu zilizobanana. Kisha kinakuja kipindi cha baridi, saa zinapunguzwa, gari linakufa, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo huku jamaa wakisema kwamba Ulaya na Marekani zinawabadilisha watu. Hazikumbadilisha mtu. Aliahidi kwa umbali asiofika kila siku. Kanuni niliyojiwekea ni kuangalia mwezi wangu mbaya kuliko yote katika mwaka, na kuahidi kile ambacho mwezi ule ungeweza kukibeba. Kinachozidi, nakipeleka bila kukitangaza. Ahadi ni deni, wanasema wazee wetu, na mkopaji mwenye akili hakopi kwa kipato cha sikukuu.

Hata katika harambee zetu hali ni hiyo. Kipaza sauti kikimfikia mtu, umati ukapiga makofi, mkono unatetemeka na moyo unakimbia kama wa mwindaji aliyemwona kanga kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo idadi kubwa hutamkwa. Kamati ya msikiti au ya shule inaandika, fundi anaitwa, msingi unachimbwa, na nyasi zinaota ndani yake. Ninawaheshimu zaidi wale wanaosimama na kutaja kidogo ambacho hakijawahi kukosa kufika.

Na kuna lile neno la kutoroka. Ni mara ngapi mtu amempiga mkewe au mwanawe akasema, mimi si mtu wa hasira, ile ilikuwa siku moja tu? Amekwenda kwenye karatasi ya maisha yake akaliziba tundu lililokaa kando, kisha anatuonyesha yale yaliyobanana. Lakini anayeishi naye nyumba moja haishi na wastani wake. Anaishi na siku zake zote, na ile mbaya ndiyo inayoamua kama mtoto atalala kwa amani akisikia mlango unafunguliwa. Sisemi mtu ahukumiwe milele kwa siku moja. Nasema siku ile ihesabiwe, ikae kwenye karatasi pamoja na nyingine, ili ajue umbali wake na hasira, na asogee karibu na msaada kabla ya siku mbaya nyingine.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kuwahukumu wengine kwa haraka. Mchumba aliyependeza kwa ziara tatu, kijana wa kazi aliyefanya vizuri wiki ya kwanza, mgombea aliyechimba kisima mwaka wa uchaguzi: hao wote wamepiga tatu. Wanaweza kuwa wema kabisa. Wape saba nyingine.

Huku kwetu siwindi, na sitamshauri yeyote awinde. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kumwinda mnyama kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Bunduki nayo haimilikiwi bila leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha. Anayetaka nyama ya sungura afuge sungura. Wanazaana upesi na hawahitaji eneo kubwa. Nimesema kwamba Waata walidhulumiwa, na narudia. Lakini kinachofanyika usiku katika nyika yetu siku hizi si uwindaji wa Waata. Ni waya. Mtego wa waya hauna umbali wala hauchagui. Unamshika digidigi mwenye mimba sawa na dume, unamshika mbwa wa jirani, na aliyeutega huenda asirudi kuutazama. Wengine huwapumbaza digidigi kwa mwanga mkali wa tochi na kuwapiga marungu. Ni kuua bila kumjua unayemuua wala mahali unapompiga, na mzee yule wa Kilibasi asingeuita uwindaji.

Kinachonisumbua ni kwamba ujuzi wake unakufa pamoja na rika lake. Ule wa sumu na uende. Ule wa mguu, wa upepo, wa macho, wa kujua mpaka wako, hauna sababu ya kufa. Upinde ni mchezo halali. Mkenya Shehzana Anwar alishindana kwa upinde kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya nchi kwenye ufunguzi. Sioni kwa nini vijana wa Kilibasi, Taru na Mackinnon Road wasiwe na mashindano yao ya kila mwaka, wakilenga tita la majani makavu badala ya mnyama, na wazee wa Kiwaata waliobaki wakiwa waamuzi.

Nimelizungumza na vijana kadhaa, na walimu wawili wameonyesha nia. Pendekezo langu kwao lina kanuni moja tu ambayo sitaki iguswe. Kila mshindani apige mishale kumi: mitano amepiga goti, mitano amesimama baada ya kukimbia kutoka barabarani hadi relini na kurudi. Tisa iliyo bora isihesabiwe. Upimwe ule uliokaa mbali zaidi na kitovu, na mwenye mshale mbaya ulio karibu kuliko wa wenzake ndiye apewe mbuzi.